Nchi Isiyompa Mgeni Jembe

Ziko nchi zinazofikiwa kwa nauli, na ziko nchi zinazofikiwa kwa hamu. Unasa ni ya aina ya pili. Aliyewahi kukosa kitu mpaka akawa anakiona kila akifumba macho, huyo yuko karibu na mpaka wake, wala hana haja ya kuelekezwa njia.

Mkunde alifika huko mwaka uleule aliomaliza chuo, akiwa na begi moja mgongoni na neno moja la kupeleka. Neno lilikuwa la mama yake. Masikio ya mama yalikuwa yanafunga. Yalianza taratibu, kama duka la mtu anayeugua: leo linafungwa mapema kidogo, kesho mapema zaidi, mpaka wateja wanazoea kupita bila kugeuka. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilikuwa bado linapokea, lakini kwa shida, na daktari alisema nalo halitavuka mvua nyingi.

Mama hakulia. Alikuwa mlangoni anachambua maharage alipolisema lile neno, kwa sauti kubwa kama wanavyosema wasiojisikia: "Sauti zote nimeshazisikia, nimetosheka. Imebaki moja. Mwambie Mbazi aje aseme chochote. Hata upuuzi."

Mbazi alikuwa kaka yake Mkunde. Alikwenda Unasa kutafuta kazi wakati Mkunde bado anavaa sare ya shule, akaipata, na tangu hapo kimya. Mkunde alimkumbuka kwa mambo madogo: jinsi alivyopiga mluzi akiwa bado ng'ambo ya korongo, ili mama apate muda wa kubandika chai, na jinsi alivyombeba yeye kuvuka kijito, akijifanya anateleza. Chuoni, kila aliposikia mluzi kwenye korido, alikuwa akigeuka. Rafiki zake walidhani ana mchumba.

Juu ya lango la Unasa pameandikwa kwa herufi kubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Mkunde alifurahi kuyaona maneno hayo, maana ni ya kwao pia, akaona amefika kwa watu wanaojua utu. Chini ya maandishi alikaa afisa, na kando yake msomaji wa masharti. Kazi ya msomaji ni kumsomea kila anayeingia masharti ya nchi, naye huyasoma kwa kasi ya mtu anayekimbiza kuku. Akimaliza, msafiri husema "Nakubali," na lango hufunguliwa.

"Samahani, baba," alisema Mkunde, "hapo katikati sikukusikia. Unaweza kurudia?"

Msomaji alimtazama afisa. Afisa alimtazama msomaji.

"Kurudia?" aliuliza afisa. "Binti, mimi nimezeekea hapa langoni. Hakuna aliyewahi kuomba kurudiwa."

"Sasa nitakubalije nisichokijua?"

"Ndiyo kukubali kwenyewe huko," alisema afisa, na kwa kweli alisema kwa upole. "Ukikijua itabidi tujadiliane, na hapa hatuna dirisha la kujadiliana. Jina?"

"Mkunde."

"Unamfuata nani?"

"Kaka yangu. Mbazi."

Afisa aliweka kalamu chini akacheka. "Mbazi na Mkunde! Mama yenu alizaa au alivuna?"

Mkunde naye akacheka. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kuguna, na mbele yake, upande wa pili wa lango, alikuwepo kaka yake. Akasema, "Nakubali."

Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba Unasa haina mtaa ulionyooka. Sababu yake ni hii. Kila paa lina dishi linalotazama angani, na kupitia dishi hilo picha hushuka hadi kwenye kioo kilichopo sebuleni. Aketiye mbele ya kioo huona anachokitamani. Basi mara nyingine upepo hulisogeza dishi, au kunguru hutua juu yake, picha ikajaa chenga. Kwingineko mtu angepanda juu akaligeuza. Unasa ni kosa. Sheria yao inasema dishi halikosei, kwa kuwa limeelekezwa na anga. Mkosaji ni yule aliye chini yake. Hivyo dishi likisogea, wenyewe hugeuza nyumba.

Mkunde alikuta familia nzima inasukuma ukuta, bibi kizee akiwa ndani bado anakunywa uji.

"Shikamoo, baba," alimwambia mwenye nyumba. "Si ingekuwa rahisi zaidi kugeuza dishi?"

"Marahaba. Wewe ni mgeni, eeh?" Yule mzee alijifuta jasho, akamwonea huruma. "Baba yangu aliigeuza nyumba hii. Babu yangu aliigeuza. Zamani mlango ulitazama barabara, sasa unatazama choo cha jirani. Lakini picha, binti yangu! Picha ni maji ya kisimani."

Kutoka dirishani bibi kizee alipaza sauti: "Punguzeni kidogo, uji unamwagika!"

Nyumba ya Mbazi ilikuwa ndogo na safi. Alipofungua mlango alisimama kama aliyeona mzimu, kisha akamnyanyua dada yake juu na begi lake. "Mkunde! Wewe Mkunde! Umekuwa mama mzima!" Alikuwa amenenepa, na ndevu zake zilikuwa na mvi mbili tatu ambazo Mkunde hakuzitarajia. Macho yalikuwa yaleyale.

Pembeni mwa sebule, juu ya kigoda, alikaa mtu aliyevaa shati jeupe, kofia yake magotini. Hakusimama, hakuamkia.

"Huyo ni Mpole," alisema Mbazi. "Mgeni wangu wa pembeni."

Hii ndiyo desturi kubwa ya Unasa, na wenyeji huiita ustaarabu. Mtu asiyefahamika hubisha hodi akiwa na zawadi ya bure: mwavuli, au picha ya paka wadogo ya kutundika, au, kama kwa Mbazi, saa ya ukutani inayolia kwa sauti za ndege. Haombi chochote ila pembe moja ya nyumba. Hali, halali, hasumbui. Anasikiliza tu. Mara mojamoja huvaa kofia akaenda sokoni, kisha hurudi. Haupiti muda mrefu, wachuuzi huanza kuja mlangoni na vitu ambavyo mwenye nyumba alikuwa anavitaka moyoni: viatu vya saizi yake, dawa ya maumivu ambayo hajamwambia hata mkewe. Na picha kwenye kioo nazo huzidi kufanana na moyo wake.

"Na anaondoka lini?" aliuliza Mkunde.

"Hiyo haiulizwi."

"Lakini kwetu tunasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe—"

Mbazi aliruka akafunga dirisha. "Usiimalizie hapa! Methali hiyo Baraza la nchi liliifupisha."

"Liliifupishaje?"

"Inaishia kwenye siku mbili."

"Mgeni siku mbili," alisema Mkunde. "Halafu?"

"Halafu basi."

Jirani yao, Bi Tausi, mama mtu mzima mwenye maneno mengi, alikuwa analala barazani kwake. Mkunde alipomuuliza kulikoni, alimfungulia mlango kwa fahari. Ndani wageni wa pembeni walikuwa wamejaa kuanzia kwenye pembe hadi katikati ya chumba, kimya kama wasafiri wanaosubiri gari. Kioo kilikuwa kinawaka kwa uvivu, picha moja ikichukua muda wa kuchemsha chai.

"Nilipata mlinzi wa kuwatoa," alisema Bi Tausi. "Alikuja mwenyewe, wala sikumwita. Akaniambia, 'Mama, nyumba yako ina wageni wabaya, mimi nitawafukuza, na ni bure.'"

"Akawafukuza?"

"Aliingia."

"Kisha?"

"Kisha ndiye yule pale, wa tatu kutoka dirishani." Bi Tausi alimwonyesha kwa kidevu. "Lakini tazama magwanda yake yalivyopigwa pasi!"

Baada ya kula, Mbazi alimkalisha dada yake mbele ya kioo kama mtu anayetaka kuonyesha shamba lake. "Sasa utaona kwa nini sikuwa na haraka ya kurudi."

Ukungu ulionekana kwanza, kisha milima ya kwao, kisha njia yenye mawe, na mwisho nyumba. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Alivaa ile khanga ya kijani ambayo Mkunde alijua imeshakuwa kitambaa cha kushikia sufuria. Nywele zake zilikuwa nyeusi. Alikuwa anaimba kidogokidogo.

"Mama!" aliita Mbazi.

Na mama wa kwenye kioo aliinua kichwa, akageuka, akatabasamu.

Mkunde alijua pale pale. Mama yake hageuki tena akiitwa. Ukimtaka, inakubidi umguse bega, na hata hivyo hushtuka. Lakini alikaa bila kusema, kwa sababu yeye naye alikuwa amemkosa mama huyo, mama anayegeuka, na ilikuwa vigumu kumwondolea macho. Alikaa hivyo jioni ile, na iliyofuata. Alijua ni uongo, naye aliunywa kama mtu mwenye kiu anywavyo maji ya dimbwi, macho kafumba.

Hatimaye alilisema neno alilotumwa. Mbazi alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mbona ananisikia? Umeona mwenyewe."

"Kaka, yule siye."

"Siye vipi? Sauti yake, mikono yake, hata kovu la kisu kwenye kidole." Alisema bila hasira, kama anayemwelewesha mtoto. "Mimi mama namwona kila siku, Mkunde. Wewe uliyekuwa chuoni ulimwona mara ngapi?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la haki. Alikwenda kukaa uani, akafikiri. Mpole anajua yanayosemwa humu ndani tu. Basi ikiwa ndani patasemwa jambo ambalo halipo popote duniani?

Siku iliyofuata, wakiwa wanakula, Mkunde alipaza sauti kidogo. "Nilisahau kukuambia! Mama siku hizi amefuga bata mzinga."

"Mama? Bata mzinga?"

"Mkubwa, mkorofi, anavimba hata akipita upepo. Amempa jina. Anamwita Mwenyekiti."

Mbazi alicheka mpaka tonge likamkwama, akapigwa mgongo. Pale pembeni Mpole hakugeuka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetoa maji sikioni. Alasiri alivaa kofia yake akaenda sokoni.

Kesho yake Mbazi alipowasha kioo, ukungu ulikuja, na milima, na nyumba. Na uani, kifua mbele, shingo nyekundu ikining'inia, alikuwa anatembea bata mzinga. Alimfukuza kuku hadi kwenye migomba. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye maharage akasema, "Mwenyekiti, tulia!"

Mbazi alipiga mapaja kwa furaha. "Mwone! Mwone Mwenyekiti! Anavimba kweli!" Alicheka mpaka akafuta machozi. Mkunde alimwacha acheke hadi mwisho. Alijua kicheko cha namna ile hatakisikia tena.

"Kaka," alisema. "Hakuna bata mzinga."

"Nini?"

"Nilimtunga. Jana, hapa hapa mkekani, nikiwa na ugali mkononi. Yeye na jina lake."

Kwenye kioo bata mzinga aliendelea kuvimba.

"Labda," alisema Mbazi polepole, "labda mama alimnunua ulipokwisha kuondoka."

"Akampa jina hilohilo?"

"Labda." Alirudia neno hilo mara nyingine, kwa sauti ndogo zaidi, kisha akaligeukia lile shati jeupe. "Mpole. Ni wewe?"

Ilikuwa mara ya kwanza Mkunde kuisikia sauti ya Mpole, na ilikuwa nzuri, sauti ya mtu ambaye hajawahi kumfokea mtu. "Nilikukuta una hamu ya kumwona mama yako," alisema. "Ulikuwa unamtaja usingizini, na khanga yake, na kovu lake. Nikayabeba matamanio yako nikayapeleka wanakotengeneza picha. Nimekosa nini? Ni nani mwingine aliyekusikiliza miaka yote hii? Huyu dada yako alikuwa wapi?"

"Nilikuwa mbali, ni kweli," alisema Mkunde. "Lakini niliyoyasikia kwa kaka yangu sijawahi kuyapeleka sokoni."

Mbazi alitoka uani. Walimsikia anapangua vitu. Aliporudi alikuwa na jembe alilokuja nalo kutoka kwao, lenye kutu, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa linazuia mlango wa banda usipigwe na upepo. Alilipakata kama anayeleta chakula, akaliweka juu ya magoti ya Mpole.

"Siku ya tatu imefika," alisema.

Mpole alilitazama jembe, kisha akageuza viganja vyake akavitazama navyo. Havikuwa na sugu hata moja. "Mimi sijui kulima," alisema.

"Najua."

Mgeni alisimama bila chuki. Aliliegemeza jembe ukutani, akaichukua saa yake ya ndege, akavaa kofia. Mlangoni aliinama kwa adabu. Hakuwa amefika hata kwa jirani wa pili kioo kilipojaa chenga, mama akapotea katikati ya wimbo.

Mkunde alidhani kaka yake angefurahi. Mbazi alisimama mbele ya chenga zile kama aliyefiwa. Aligusa kioo, akachomoa waya akaupuliza, akauchomeka tena. Chenga. Alijua yule siye mama; alikuwa amelitoa jembe kwa mikono yake mwenyewe; na bado hakuweza kuvumilia. "Hata kama siye," alisema. "Hata kama siye, Mkunde! Nilikuwa naye."

Ndipo akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa Unasa. Alikokota meza, akaweka kiti juu ya meza, akapanda paani. Alilishika dishi kwa mikono miwili akaanza kuligeuza.

"Vipi?" aliita kutoka juu.

"Bado!" alijibu Mkunde kutoka ndani.

"Sasa?"

"Chenga tu!"

"Na hapa?"

"Hapo! Hapo hapo! Aa, imepotea!"

Kelele ziliwatoa watu majumbani. Walisimama barabarani mikono kichwani. Bi Tausi alipiga yowe. Punde alikuja Bwana Kisanda, Msimamizi wa Mwelekeo, mtu mwembamba aliyevaa tai hata kwenye jua, na nyuma yake wajumbe wa Baraza waliokuwa jirani. Kwa kuwa mkosaji alikuwa juu na hakuna aliyeruhusiwa kumfuata huko, Baraza lilikaa pale pale mtaani.

"Wewe kijana! Shuka!" aliamuru Bwana Kisanda.

"Natengeneza dishi, mzee."

"Dishi halina kosa! Geuza nyumba kama watu wengine!"

"Na amempa mgeni jembe," alisema mjumbe mmoja mnene. "Mimi nimeona, mgeni kapita kwangu ameshika saa. Wageni wote wakipewa majembe, nani atajua tunataka nini?"

"Sisi wenyewe," alisema Mkunde, aliyekuwa ametoka mlangoni.

Mjumbe alimtazama kwa mshangao wa dhati. "Sisi tutajuaje?"

Baadhi ya watu waliitikia kwa vichwa. Mjumbe mwingine alisema mkosaji apewe wageni wa pembeni wawili badala ya mmoja. Wa tatu alisema kwanza iundwe kamati ya kuchunguza kama kupanda kiti kilichopo juu ya meza ni kupanda, au ni kukaa. Wakaanza kubishana juu ya hilo, na walikuwa wamefika mbali Mkunde alipotambua kwamba juu kumekuwa kimya. Mbazi alikuwa ameliachia dishi. Alikuwa amesimama wima juu ya paa, kiganja usoni akikinga jua.

"Mkunde," alisema. "Milima naiona."

"Kwenye kioo bado chenga, kaka!"

"Si ya kwenye kioo. Yenyewe. Iko kule." Alinyoosha mkono. "Kumbe si mbali. Ni midogo, haina hata ule ukungu mzuri. Ni ya kijivu tu." Akakaa chini juu ya mabati ya moto, akalia kama mtoto, mbele ya Baraza zima.

"Anaona nini huyo?" aliuliza Bwana Kisanda. "Kuona bila kioo hakumo kwenye masharti."

Unasa wote walikuwa watu waliotoka mahali pengine, wao au wazee wao, na kwa kuwa hapana aliyewahi kupanda paani, hapana aliyejua kwamba mahali pale panaonekana. Bi Tausi alisogea mpaka chini ya ukuta, akainua uso.

"Mwanangu," alisema, na safari hii hakuwa na maneno mengi. "Hebu nitazamie mashariki. Nilikozaliwa mimi kuna ziwa."

Mbazi alifuta macho akageuka. "Kuna kitu kinang'aa, mama. Chembamba, kama uzi."

Bi Tausi alikaa chini vumbini, akavua viatu vyake akavishika mkononi, kama anayetaka kukanyaga maji.

Wengine nao wakaanza kuuliza, kila mtu na upande wake, na Mbazi akawajibu mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Baraza lilipitisha sheria ya kuhesabu meza na viti kuwa silaha vikipangwa kimoja juu ya kingine, na wajumbe wakatawanyika kwenda kula. Bwana Kisanda alibaki nyuma kidogo. Alilegeza tai yake, akatazama kushoto na kulia.

"Na kusini, kijana?" aliuliza chinichini. "Kuna minazi huko, au niliota?"

"Panda uone, mzee," alisema Mbazi. "Nitakushika mkono."

Bwana Kisanda aliitazama ile meza kwa muda mrefu. Kisha akaikaza tai yake, akaondoka haraka, bila kugeuka nyuma. Mkunde alisikitika kuliko alivyosikitika kwa jambo jingine lolote katika nchi ile, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa akitumaini kwamba siku moja, bila mtu kumwona, yule mzee alirudi.

Waliondoka Unasa asubuhi. Hakuna aliyewazuia, langoni wana kazi ya kuingiza watu, kutoka hakuna afisa wake.

Nyumbani mama alikuwa uani, amewapa mgongo, anaanua nguo. Khanga yake ilikuwa ya bluu iliyopauka, na nywele zilikuwa nyeupe zote. Mbazi alisimama penye njia. "Mama!" aliita. Mama aliendelea kukunja shuka. Aliita tena, kwa nguvu zaidi, na sauti ikagonga mlima ikarudi, na mama akaondoa kibanio kwenye kamba akakitia mfukoni. Mkunde aliona jinsi mabega ya kaka yake yalivyoshuka. Ilimbidi Mbazi atembee uani kote, azunguke kamba na nguo zote zilizobaki, mpaka akasimama mbele yake.

Mama alimtazama muda mrefu. Akaangusha shuka. Akamgusa ndevu, zile zenye mvi, akasema kwa ile sauti yake kubwa iliyosikika mpaka kwa majirani, "Mbona umenenepa hivi?"

Mbazi alifungua mdomo, na mama akaiona midomo inacheza lakini hakuna kilichofika. Akatikisa kichwa. Akamshika mkono akamwingiza ndani, akaketi kitandani, akakikamata kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili na kukivuta mpaka midomo ikagusa sikio la kulia.

"Sema humu," alisema. "Lipo bado kidogo. Sema."

Mkunde alikuwa mlangoni. Alikuwa ametembea nchi nzima kwa ajili ya maneno hayo, na hakuna kitu alichotamani wakati ule kuliko kuyasikia. Aliangalia pembe za chumba, moja baada ya nyingine. Palikuwa na ndoo, na fagio, na debe la maharage. Akarudi nyuma taratibu, akauvuta mlango, akaufunga, akaenda kumalizia kuanua nguo.